Maji ya Kupozea Hewa Katika Injini za Boti Ziwani



Chama cha wavuvi au wasafirishaji kule Kasanga, Kipili au Kirando kikitaka injini yenye nguvu, mara nyingi hupatiwa injini ya lori iliyokwisha tumika, yenye turbo, ikateremshwa ziwani kutoka Sumbawanga. Kwa mfuko wa chama si shauri baya. Lakini lina mtego mmoja ambao yafaa Kamati iujue kabla ya kutia sahihi hati ya mkopo.

Turbo hushindilia hewa ndani ya silinda, na hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa ya nyuzi 27 ikiongezwa mgandamizo mara mbili hutoka ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni haba. Dizeli haiungui yote, moshi huwa mweusi, na pistoni huelemewa. Kwa sababu hiyo huwekwa kipozahewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Katika lori hupozwa na upepo wa safari. Ndani ya boti upepo huo haupo. Fundi aliyezoea baridi ya Ufipa, mwinuko wa meta 1,800 hivi, husahau kwamba ziwa liko chini yake kwa zaidi ya meta 1,000, na injini imefungiwa ndani ya mbao.

Basi kipozahewa cha upepo hakina budi kuondolewa, kiwekwe cha maji. Maji ya ziwa yapite kwenye koki, kisha chujio, kisha pampu. Kutoka hapo yaende kwanza kwenye kipozahewa yakiwa bado baridi, ndipo yapoze mafuta, ndipo maji ya injini, na mwisho yatokee ekzosi. Nimepata kuona boti ambayo kipozahewa kiliungwa na maji ya injini yenyewe. Maji ya nyuzi 80 yatapoza nini?

Maji yaingilie chini ya kipozahewa na kutokea juu, hewa isije ikanaswa ndani. Mpira wa upande wa kuvuta uwe na waya ndani. Mpira wa bustani hunyweka na kuziba. Kila ungio lililo chini ya usawa wa maji lifungwe kwa klipu mbili. Zinki za baharini zinazouzwa madukani hazifai sana katika maji baridi yasiyo chumvi, kwani huota gamba na kulala. Tafuteni za magnesi.

Jambo la kuogopwa kuliko yote ni mrija wa kipozahewa kutoboka. Maji huingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayashindiliki, injini ikiwashwa fimbo ya pistoni hupinda. Pawepo tundu la kumwagia chini ya sanduku la hewa, nalo lifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Mabawa ya mpira ya pampu yakizunguka makavu hukatika upesi. Vipande vyote vitafutwe, maana hukimbilia mirija ya kipozahewa.

Siku ya kwanza, injini ikiwa katika mwendo wa kawaida, kingeni maji ya ekzosi kwa ndoo ya lita 20, mhesabu sekunde, na Katibu aziandike katika daftari la boti. Ndoo ikianza kuchelewa kujaa, chujio lifunguliwe siku hiyo hiyo, kabla boti haijatoka tena.