Figo ya dada na vidonge vya saa mbili

KILA saa mbili asubuhi, na tena saa mbili usiku, saa ndogo ya mezani hulia katika nyumba moja mtaani King'ong'o, mjini Nyeri. Mwenye nyumba huacha alilokuwa akilifanya, hata kama ana mgeni, akaenda kumeza dawa. Ni rafiki wa familia yetu tangu nikiwa mtoto. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na mpaka leo sisi sote humwita Mwalimu.

Chini ya tumbo lake, upande wa kulia karibu na nyonga, mna figo ya dadake mdogo. Figo zake mwenyewe zingali mgongoni, ingawa hazifanyi kazi. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Kwa kawaida madaktari huziacha za zamani palepale, na mpya ikawekwa mahali pengine na kuunganishwa na mishipa ya damu na kibofu.

Kilichomharibu figo ni shinikizo la damu, maradhi ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kuumwa popote. Miguu ilipoanza kuvimba, Mwalimu alilaumu viatu. Alipopimwa, figo zilikuwa zimekwisha.

Kwa miaka miwili alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Kabla ya mpango wa serikali wa 2015 wa kupeleka vifaa katika hospitali za kaunti, wagonjwa wengi wa sehemu za Mlima Kenya walilazimika kusafiri hadi Nairobi kwa huduma hiyo. Hata hivyo, mashine si figo. Humsaidia mgonjwa aishi, lakini humwacha hoi, na kati ya siku moja ya mashine na nyingine hupimiwa maji ya kunywa. Kwa mtu wa Nyeri, kuhesabiwa vikombe vya chai kwenye baridi ya Julai ni adhabu tosha.

Dadake, ambaye ana kibanda cha nguo katika soko la Karatina, ndiye aliyejitolea. Alipimwa damu, moyo, mkojo na figo zote mbili, tena akahojiwa kuhakikisha kwamba hakushurutishwa wala kununuliwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kuandika kwamba viungo vyake vitolewe akifa, lakini hapa nchini karibu figo zote zinazopandikizwa hutoka kwa watu walio hai, hasa jamaa. Pesa za ziada zilitokana na harambee katika uwanja wa kanisa. Upasuaji ulifanyiwa Nairobi mnamo Oktoba 2022.

Baada ya majuma machache Mwalimu alirudi nyumbani akikojoa kama mtu yeyote, jambo ambalo alilisimulia kwa furaha hata mezani. Majirani walimshukuru Mungu, wakasema amepona. Hapo ndipo penye kosa ambalo wengi wetu hufanya.

Figo iliyofanikiwa kupandikizwa kwa mara ya kwanza duniani ilikuwa ya Ronald Herrick, aliyempa pacha wake Richard mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari alikuwa Joseph Murray, ambaye alituzwa Nobel mwaka wa 1990. Ndugu hao walikuwa pacha wa kufanana kabisa, kwa hivyo mwili wa Richard haukuiona figo kuwa ngeni. Ndugu wengine hawana bahati hiyo. Kinga ya mwili ni kama bawabu asiyezoea watu: hata figo ikitoka kwa dada wa tumbo moja, bawabu huijia na rungu. Dawa kama takrolimusi na prednisoloni humtuliza, lakini hazimwondoi. Zikipungua katika damu, huamka.

Mnamo Januari 2024 shule zilikuwa zikifunguliwa na Mwalimu alikuwa na watoto wawili wa kulipiwa karo. Dawa za mwezi ni ghali. Alijihisi mzima, alikuwa amerudi shambani, na hakuna aliyemwona kama mgonjwa. Akaanza kumeza za asubuhi tu, ili pakiti ya mwezi mmoja imfikishe miezi miwili. Hakumwambia mkewe.

Hakuvimba wala hakuumwa. Kilichomwokoa ni kipimo cha damu cha kila mwezi: kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa, ilikuwa imepanda. Alilazwa siku tatu akidungwa dawa kali ya kuzima mashambulizi. Figo ilipona, ingawa daktari alimweleza wazi kwamba kila shambulizi la namna hiyo hupunguza umri wake.

Mengine ameyazoea. Maziwa ni lazima yachemshwe. Huvaa glavu akishika udongo au samadi, kwa kuwa bawabu aliyetulizwa hawezi pia kupambana na viini. Hali balungi, tunda ambalo hupandisha takrolimusi katika damu kupita kiasi. Chupa za miti shamba zinazoletwa na wageni wema huzipokea, akashukuru, kisha akazimwaga. Mkojo ukipungua, akipata homa au maumivu pale ilipo figo, hangoji kliniki.

Lililomshinda lilikuwa kumwambia dadake. “Ningeanzaje?” aliniuliza. “Mtu amekupa kiungo chake, nawe unakifanyia hesabu ya karo.” Alikaa na siri hiyo mpaka Pasaka, ndipo akasema. Dada alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamuuliza ni pesa ngapi zilikuwa zimepungua.

Yeye mwenyewe ni mzima. Hupimwa presha na mkojo kila mwaka, kama inavyompasa mtu mwenye figo moja, na bado hubeba robota za mitumba. Ronald Herrick naye aliishi na figo moja hadi 2010, akafa akiwa na umri wa miaka 79.

Siku hizi shule zikikaribia kufunguliwa, dada hupiga simu kutoka Karatina kuuliza dawa zimebaki za siku ngapi. Mara ya mwisho zilibaki za siku 12.