Jalada Lililotoka Masjala

Waliotumikia ofisi za serikali katika zama za karatasi wanaikumbuka masjala: chumba chenye harufu ya gundi na vumbi, majalada yamejipanga rafuni kwa nambari zake, na karani aliyejua, pasi na kufungua daftari, jalada lipi limetoka, liko mezani kwa nani na tangu lini. Barua ilipoingia ilipigwa muhuri wa tarehe, ikapewa nambari ya folio, ikatobolewa na kufungwa pamoja na zilizoitangulia, na tangu saa hiyo haikuwa tena mali ya yule aliyeandikiwa, bali amana ya ofisi nzima. Hata mkuu wa idara, pamoja na haiba yake yote, hakuwa na ruhusa ya kulichukua jalada na kulilaza uvunguni mwa kitanda chake.

Leo barua haziletwi na tarishi, na masjala katika ofisi nyingi imebaki jina. Barua pepe ya kazini hukaa katika seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi au ya kampuni iliyokodiwa kwa kazi hiyo, na mwenye seva humkatia kila mtumishi kiasi chake cha nafasi. Nafasi ikijaa, huja onyo kwamba hakuna barua itakayotoka mpaka kasha lipunguzwe. Na aghalabu onyo hilo humfikia mtu saa nne asubuhi, ilhali taarifa aliyoikeshea yatakiwa iwe imefika wizarani kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo anapofundishwa na jirani wa meza ya pili kwamba iko njia: aunde faili la hifadhi ndani ya kompyuta yake mwenyewe, azihamishie humo barua za miaka iliyopita. Katika Outlook, programu iliyotolewa na Microsoft mwaka 1997 na kuenea maofisini dunia nzima, jina la faili hilo huishia kwa herufi pst. Onyo hutoweka, taarifa huenda, na mtu hushukuru. Asilolitambua ni kwamba barua zile hazikunakiliwa, zimehama. Seva haina habari nazo tena, na chelezo, yaani nakala ya akiba inayochukuliwa usiku na watu wa TEHAMA, haizigusi, kwa kuwa chelezo hiyo ni ya seva, si ya kila kompyuta iliyo mezani.

Athari ya jambo hili ilidhihirika nchini Marekani katika idara ya serikali inayokusanya kodi, IRS. Mwezi wa Mei 2013 ilibainika kwamba jumuiya zilizoomba msamaha wa kodi zilichunguzwa kupita kiasi kwa sababu ya majina yao ya kisiasa, na Bunge likataka barua za Lois Lerner, bibi aliyeongoza kitengo kilichohusika. Mwezi wa Juni 2014 idara ikatoa jawabu lililowaghadhibisha wabunge: diski ya kompyuta ya bibi huyo iliharibika Juni 2011, mafundi walijaribu kuiokoa wakashindwa, na barua nyingi za kabla ya hapo hazipatikani. Sababu ilikuwa hii hii ninayoieleza. Hadi katikati ya mwaka 2011 kila mtumishi wa idara hiyo alikatiwa megabaiti 150 tu, nafasi ya barua zipatazo 1,800, na aliyejaza kasha lake alitakiwa ama afute ama ahamishie barua katika diski ya kompyuta yake. Kanda za chelezo za seva nazo zilitunzwa miezi 6, kisha zikaandikwa upya.

Wakaguzi walipofuatilia, waligundua kwamba kanda 422 zilizoweza kuwa na barua hizo zilifutwa mwezi wa Machi 2014, wakati barua zenyewe zilikuwa zimekwisha takiwa na Bunge. Wakachunguza, wakasema mwaka 2015 kwamba hawakuona ushahidi wa mtu kukusudia kuficha. Mwaka huo huo wizara ya sheria ikalifunga shauri bila kumshitaki mtu yeyote. Walakini shaka haikuondoka, na mpaka leo wako wasioamini, kwani aliyepotelewa na barua zake, hata akiwa mkweli, hana tena cha kumtetea. Mimi naliona hili kuwa dhara kubwa kuliko yote: faili lililolala ndani ya kompyuta ya mtu mmoja humnyang'anya shahidi wake yule aliye safi, likamweka katika hali moja na mwenye hatia.

Na faili lenyewe ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Yale ya namna ya zamani, ya kabla ya Outlook ya mwaka 2003, hayakuweza kuvuka gigabaiti 2. Yakifika hapo yaliharibika, na chombo cha uokozi kilichotolewa na Microsoft wenyewe kilifanya kazi ya mkasi, kikikata sehemu ya faili na kuitupa ili iliyobaki ipate kusomeka. Baadaye mpaka ulisogezwa hadi gigabaiti 20, kisha 50, lakini kiini hakikubadilika: maelfu ya barua yamefungwa katika faili moja, na doa dogo katika diski laweza kuyafunga yote. Wako wanaodhani wamepata dawa kwa kuliweka faili katika diski ya pamoja ya ofisi na kulifungulia huko kupitia mtandao. Microsoft kwa miaka mingi wamesema hawaungi mkono matumizi hayo, kwa kuwa mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili hujeruhika. Wengine hulitia nenosiri wakalala usingizi. Nenosiri la faili hili halizifumbi barua zilizomo. Kinachotunzwa ni alama fupi ya hesabu tu, ambayo maneno mengi tofauti huweza kuizaa, na zipo programu za bure zinazopata neno linalokubalika kwa muda wa kupepesa jicho. Kwa hiyo aliyeiba kompyuta ya mkononi ndani ya daladala ameondoka na barua za miaka yote, za mwenyewe na za kila aliyepata kumwandikia.

Nilipata kukaa na mhazili mmoja siku diski yake ilipokufa. Ofisi siitaji. Mama huyo alikuwa na barua za miaka kumi na moja: mikataba, madai ya wazabuni, maombi ya mafao ya wajane. Fundi aliifungua kompyuta, akatega sikio, na sote tukasikia mlio mdogo, ti, ti, ti, kama saa ya ukutani inayoishiwa nguvu. Mama akauliza, "Mwanangu, na yale ya marehemu Mzee, mkewe atayapata wapi?" Fundi hakujibu, alikuwa akifunga skrubu.

Swali lile sasa lina uzito wa kisheria pia. Kenya tangu mwaka 2019, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022, zimempa raia haki ya kuuliza taarifa gani zake ziko mikononi mwa taasisi na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Taasisi itamjibu nini, ikiwa nusu ya barua zinazomtaja zimo katika mafaili ambayo yenyewe haijui kama yapo? Aulizwe nani, na atafutwe wapi yule aliyestaafu mwaka juzi, ambaye kompyuta yake ilisafishwa akapewa kijana mpya?

Nimeiangalia fomu ya makabidhiano wanayojaza watumishi siku yao ya mwisho katika ofisi niliyofanya kazi. Inauliza ufunguo wa mlango, kitambulisho, kompyuta na chaja yake, hata kalamu ya kuandikia ubaoni. Mstari wa kuuliza barua zilikohifadhiwa haumo, wala pa sahihi ya aliyezirejesha katika seva. Nimeomba uongezwe, juu kabisa, kabla ya ufunguo.