Redio ya mkononi ya bei nafuu: Sauti inayobaki minara ya simu ikizima

USIKU wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, katika pwani ya Msumbiji. Kulipokucha, umeme ulikuwa umekatika, barabara zimefunikwa na maji na mawasiliano ya simu yamekufa. Waliokuwa nje ya mji hawakuweza kujua nani yu hai na nani anahitaji boti. Waliokuwa ndani walikuwa na simu mikononi, lakini simu hizo hazikuwa na mtu wa kuzijibu.

Watu wengi hawafikirii jambo hili mpaka siku ya shida. Simu mbili zilizo katika nyumba moja haziongei zenyewe kwa zenyewe. Kila neno huenda kwanza kwenye mnara, kutoka hapo kwenye mitambo ya kampuni, kisha hurudi. Mnara ukikosa umeme na mafuta ya jenereta, au waya mkuu ukikatika, simu ya shilingi milioni moja hugeuka kuwa tochi na saa.

Redio ya mawasiliano ya mkononi, ambayo wengi huiita redio koli au simu ya upepo, haina safari hiyo ndefu. Wimbi hutoka katika antena ya mmoja na kuingia katika antena ya mwingine. Zamani kifaa cha namna hiyo kilikuwa cha polisi, wanajeshi na mashirika yenye fedha. Leo redio kama Baofeng UV-5R, iliyotoka katika viwanda vya China kuanzia mwaka 2012, huuzwa kimataifa kwa dola 25 hadi 35 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Bei imeshuka hadi kiasi cha simu ya kawaida ya vitufe. Kilichobaki nyuma ni elimu ya kuichagua, kuimiliki kihalali na kuitumia.

Leseni kabla ya kifaa

Wanunuzi wengi huanza na duka na kumalizia na sheria. Njia salama ni kinyume chake. Katika nchi zote za Afrika Mashariki, masafa ya redio ni mali ya umma na husimamiwa na mamlaka ya taifa: TCRA nchini Tanzania, CA nchini Kenya, UCC nchini Uganda, RURA nchini Rwanda, ARCT nchini Burundi na ARPTC katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kurusha mawimbi bila kibali ni kosa, hata kama kifaa kiliuzwa hadharani na risiti ikatolewa.

Mlango ulio wazi kwa raia wa kawaida ni ule wa redio ya ridhaa. Hii ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, kwa ajili ya watu wanaojifunza ufundi wa redio na kuwasiliana bila kutafuta faida. Mwenye leseni hupewa alama ya mwito, yaani jina lake la hewani, ambalo halifanani na la mtu mwingine yeyote duniani. Herufi za mwanzo huonyesha nchi: 5Z kwa Kenya, 5H kwa Tanzania, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda, 9U kwa Burundi, 9Q kwa Kongo na Z8 kwa Sudan Kusini.

Masharti na ada hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo swali la kwanza lipelekwe kwa mamlaka husika au kwa chama cha wanaredio, kama vile Amateur Radio Society of Kenya kwa walio Kenya. Kizuizi kimoja cha zamani kimelegea: tangu mkutano wa ITU wa mwaka 2003, mkataba wa kimataifa haulazimishi tena mwombaji ajue alama za Morse.

Leseni hiyo ina mipaka. Haimruhusu mtu kuendesha biashara hewani, kupiga muziki, wala kuongea kwa mafumbo ya kuficha maana. Kampuni ya ulinzi, hoteli au kundi la madereva wanaotaka redio za kazi wanahitaji kibali cha aina nyingine na masafa yao wenyewe.

Sokoni: mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni redio zinazotumia laini ya simu. Zina antena fupi na kitufe cha kubonyeza ubavuni, na muuzaji huzisifu kuwa zinafika "nchi nzima". Ni kweli zinafika, kwa sababu ndani yake kuna laini na sauti hupita kwenye minara ya simu. Kwa kazi za kila siku hazina ubaya. Kwa siku ya maafa, zitanyamaza pamoja na simu.

Mtego wa pili ni redio ndogo zisizo na kioo, maarufu kwenye harusi na milangoni mwa maghala, kama BF-888S. Zina chaneli 16 zilizopangwa kiwandani, nyingi zikiwa kwenye megahezi 462 na 463, nje ya masafa ya ridhaa. Hazibadilishwi kwa vitufe. Zinahitaji waya na kompyuta. Anayetaka kujifunza atafute redio yenye kioo na vitufe vya namba, inayoshika bendi mbili za ridhaa za ukanda huu: megahezi 144 hadi 146, na megahezi 430 hadi 440. Afrika nzima imo katika Kanda ya 1 ya ITU pamoja na Ulaya, hivyo maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako bendi ya kwanza hufika megahezi 148, yanaweza kumpotosha.

Mtego wa tatu ni wati. UV-5R ya kawaida hutoa wati 4 hadi 5. Pembeni yake huwekwa nyingine yenye maandishi makubwa ya wati 8 au 10 na bei ya juu zaidi. Hata pale maandishi yanaposema kweli, sikio la mpokeaji halitaona tofauti kubwa kati ya wati 5 na 8, ila betri itaona.

Fedha hiyo ya ziada ina matumizi bora. La kwanza ni antena. Ile fupi inayokuja na redio ni dhaifu, na antena laini ya takriban sentimita 40 huongeza usikivu mara moja. Mnunuzi ahakikishe inaingia kwenye tundu la redio yake, kwa kuwa vifungio vya SMA vina dume na jike. La pili ni betri ya akiba, au kasha la betri ndogo kavu zinazopatikana kila dukani. La tatu ni chaja inayokubali umeme wa jua au wa gari. Matoleo mapya huchajiwa kwa waya wa USB. Redio isiyoweza kuchajiwa umeme ukikatika haijatatua shida iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Bei nafuu ina gharama zake pia. Baadhi ya redio hizi zimepimwa na kukutwa zikitoa mawimbi ya ziada nje ya masafa yaliyowekwa, na nakala bandia ni nyingi. Mwenye uwezo wa kulipa mara tatu au nne anaweza kupata redio ya kampuni kama Yaesu, iliyo safi zaidi hewani na inayovumilia kuanguka. Kwa anayeanza, ya bei ndogo hutosha kujifunzia, mradi imeidhinishwa na mamlaka ya nchi yake.

Inafika wapi?

Hakuna swali linaloulizwa dukani kuliko hili, na hakuna linalojibiwa kwa uongo kuliko hili. Mawimbi ya bendi hizi husafiri karibu kama mwanga: hufika pale ambapo antena moja "inaiona" nyingine. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare tupu hutenganishwa na mviringo wa dunia baada ya takriban kilomita 10. Mjini, kwenye kuta za zege, umbali huo hushuka hadi kilomita moja au mbili. Lakini aliye juu ya kilima kinachoinuka mita 400 juu ya tambarare anaweza kusikika zaidi ya kilomita 80, kwa redio ile ile na betri ile ile.

Ndiyo maana wanaredio huweka mitambo ya kurudisha mawimbi juu ya milima na majengo marefu. Mtambo husikiliza kwenye masafa moja na kurudia sauti kwa nguvu kwenye masafa mengine. Ili kuutumia, redio ya mkononi hupangwa mambo matatu: masafa ya kusikiliza, tofauti ya masafa ya kurusha, ambayo kwenye bendi ya megahezi 145 kwa kawaida ni kilohezi 600, na mlio mdogo wa siri unaoufungua mtambo. Programu ya bure iitwayo CHIRP, pamoja na waya wa dola chache, hurahisisha kazi hiyo.

Hata bila mtambo, kusikiliza kuna faida. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka takriban kilomita 400 juu ya ardhi, hutumia megahezi 145.800 kwa mazungumzo ya wanaanga na wanafunzi, na redio ya mkononi huweza kukinasa kinapopita juu. Lakini kutoka Kisumu hadi Dodoma bila mtambo, redio ya mkononi haifiki. Safari hiyo huhitaji mitambo mikubwa ya masafa mafupi, HF.

Namna ya kuongea

Antena ifungwe kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha. Kurusha bila antena kunaweza kuunguza redio. Mtumiaji asikilize kwanza kama masafa yana watu. Kisha abonyeze, asubiri kama sekunde moja, aongee kwa sauti ya kawaida mdomo ukiwa sentimita chache kutoka kwenye kipaza sauti, redio ikiwa wima. Wengi hubonyeza na kuanza kusema papo hapo, na neno la kwanza, ambalo mara nyingi ni jina la anayeitwa, humezwa.

Utaratibu ni kutaja alama ya anayeitwa, kisha ya anayeita. Ujumbe wa dharura uanze na mahali, ufuate shida, kisha idadi ya watu, kwa sababu mawasiliano yakikatika katikati, mahali ndilo neno litakaloleta msaada. Nguvu ndogo itumike inapotosha, na kubwa iachwe kwa umbali. Kwenye UV-5R kitufe cha rangi ya chungwa kikishikiliwa huwasha king'ora ambacho kinaweza kurushwa hewani, hivyo kisigeuzwe mchezo wa watoto.

Jambo zito zaidi ni masafa yasiyo ya mtumiaji. Redio hizi hurusha popote kati ya megahezi 136 na 174, eneo lenye polisi, magari ya wagonjwa na megahezi 156.800, chaneli 16 ya mabaharia wanaoomba msaada. Kitufe kikikwama hapo, mtu anayezama anaweza kukosa kusikika. Kanuni za ITU hazikizuii kituo kilicho hatarini kutumia njia yoyote kilicho nayo kuita msaada, lakini ruhusa hiyo ni ya aliye hatarini, si ya anayejaribu redio mpya.

Wimbi halina pasi, mwenye redio anayo

Uvira na Bujumbura hutazamana kando ya Ziwa Tanganyika. Goma na Rubavu hutenganishwa na mtaa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbia, na wengi walivuka kuingia Rwanda usiku huo huo. Katika miji kama hii, wimbi la wati 5 huvuka mpaka bila kuulizwa.

Mwenye redio huulizwa. Leseni ya nchi moja haimpi mtu haki ya moja kwa moja ya kurusha katika nchi jirani, na kifaa cha mawasiliano kwenye begi kinaweza kuleta maswali magumu, hasa kwenye maeneo yenye vita. Msafiri aombe kibali cha mgeni mapema, abebe nakala ya leseni, na akitangaze kifaa forodhani.

Mafunzo ya pamoja ndiyo huamua kama redio itafaa siku ya shida. Watu wanaokusudia kusaidiana hukubaliana masafa, kama vile megahezi 145.500 inayotumiwa katika Kanda ya 1 kwa kuitana, na ratiba ya kusikiliza ili kutunza betri. Ratiba rahisi ni dakika 5 za kwanza za kila saa. Kigoma ikiwa saa 4 asubuhi, Bujumbura ni saa 3, lakini mwanzo wa saa ni ule ule katika miji yote miwili.

Redio iliyonunuliwa na kufungiwa kabatini itakutwa siku ya mafuriko ikiwa na betri tupu na masafa ambayo hakuna anayeyakumbuka. Ile iliyowashwa kila wiki, kwa dakika chache tu, itakuwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani: mtu upande wa pili anayeijua sauti hiyo na anayeisubiri.