Nakshi za Njia katika Mchezo wa Kujenga Mji

Mkulima wa Kiruruma, mkoani Kagera, anayetaka mibuni yake isimame katika mistari iliyonyooka, hakadirii kwa jicho shimo la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili. Hutandaza kamba yenye mafundo, akasimika vigingi, ndipo akachimba. Sababu yake ni ya kihesabu. Kosa la sentimeta 5 tu, likirudiwa upande uleule katika mashimo 40, huufikisha mwisho wa mstari umbali wa mita 2 kutoka mahali ulipotakiwa kuwa.

Tatizo la namna hiyo humkuta pia kijana anayecheza mchezo wa video wa kujenga mji. Michezo hiyo ina historia yake: SimCity, uliobuniwa na Mmarekani Will Wright na kutolewa mwaka 1989, ulimpa mchezaji ardhi iliyokwisha kugawanywa miraba, ajenge juu yake barabara na majumba. Katika Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi Machi 2020, mchezaji huchora nakshi zake mwenyewe na kuzitandika njiani kama vigae, kimoja kwa kila mraba. Kila kigae ni picha ya nukta za rangi, ziitwazo pikseli, 32 kwa 32, yaani nukta 1,024. Mashine haikubali kigae kikae nusu huku na nusu kule. Hivyo kosa la sentimeta halipo kabisa. Mbona basi nakshi huweza kuharibika hata hivyo?

Jibu ni kwamba miraba huondoa kosa la kupima, lakini haiondoi kosa la kuhesabu.

Ichukuliwe njia ya miraba 23 kutoka langoni hadi mlango wa nyumba, na nakshi inayojirudia kila baada ya vigae vinne: cheupe, cha kijivu, chekundu, cha kijivu. Mchezaji huanza langoni kwa cheupe, na kila mara hujiuliza ni kigae gani kinachofuata. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana baada ya kijivu huweza kuja chekundu au cheupe. Afikapo mraba wa 8, ambao ni wa kijivu, akidhani kinachofuata ni chekundu, njia yote iliyobaki itakuwa imesogea hatua mbili. Ajabu ni kwamba kosa hilo hujificha. Mlangoni, kwenye mraba wa 23, palipaswa kuwa na chekundu. Sasa patakuwa na cheupe, sawasawa na langoni, na mtazamaji wa haraka ataisifu kazi. Ila miraba ya 7, 8 na 9 itasomeka chekundu, kijivu, chekundu, na jicho likishaona hapo halitaacha kuona.

Njia ya kuepuka mtego huo ni kutokutegemea kigae kilichotangulia. Kila mraba uhesabiwe kutoka langoni: hatua kutoka mraba wa kwanza zigawanywe kwa 4, na baki iangaliwe. Baki 0 ni cheupe, 1 ni kijivu, 2 ni chekundu, 3 ni kijivu. Mraba wa 9 uko hatua 8 kutoka langoni. 8 kugawanya kwa 4 hubaki 0. Basi ni cheupe, hata kama kigae cha nyuma yake kimekosewa. Kwa kanuni hii kosa moja huharibu kigae kimoja tu.

Lakini kuanzia langoni kuna dosari nyingine: langoni cheupe, mlangoni chekundu. Anayetaka ncha zilingane hana budi kuanzia katikati. Kwa kuwa 23 ni namba witiri, mraba wa 12 ndio wa kati. Ukiwekwa kigae cheupe hapo na kuhesabu pande zote mbili, kila ncha iko hatua 11, baki ni 3, na zote mbili zitakuwa za kijivu. Njia ya miraba 24 isingekubali jambo hilo, maana katikati ya namba shufwa si mraba bali ni mstari ulio kati ya miraba miwili. Ndiyo sababu njia ya upana wa miraba 3 haiwezi kukaa katikati kamili ya daraja la miraba 4, na hakuna ufundi wa mkono utakaoiweka sawa.

Jambo hilohilo lipo ndani ya kigae chenyewe. Kwa kuwa 32 ni shufwa, mstari wa katikati wenye unene wa pikseli 1 haupatikani. Hauna budi kuwa wa 2, katika safu ya 16 na ya 17. Kadhalika, rangi za safu ya 32 ya kigae kimoja zipatane na za safu ya 1 ya kigae kinachofuata. Msukaji wa mikeka wa pwani hukabiliana na jambo hilo anaposhona ukili kwa ukili, asije akakata maua ya mkeka.

Mwanafunzi asiye na mashine aweza kuyajaribu yote haya katika daftari la hesabu lenye miraba, kwa penseli za rangi tatu. Kisha shule ikitaka njia halisi ya tofali, kosa la kupima hurudi, kwa kuwa udongo haukugawanywa miraba. Tofali la sentimeta 22 pamoja na nafasi ya sentimeta 1 ni sentimeta 23. Tofali 40 ni mita 9.20. Nafasi ikizidi kwa nusu sentimeta kila mara, njia hurefuka kwa sentimeta 20, karibu tofali zima, na nakshi hukatwa mlangoni. Kwa hiyo vigingi visimikwe kila baada ya tofali 8, penye mita 1.84, 3.68, 5.52, 7.36 na 9.20, kila kimoja kikipimwa kutoka langoni na si kutoka kigingi kilichotangulia. Tofali la kwanza baada ya kila kigingi liwe jeupe.