Fahamu: Jinsi namba 115 inavyomfikisha mama hospitalini

Mjamzito akianza kutokwa na damu usiku, kijijini, na gari la wagonjwa halipo, kuchelewa kunaweza kuondoa roho mbili. Pengo hilo ndilo linalozibwa na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga nchini Tanzania.

Unafanyaje kazi?
Mama, ndugu au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza dalili, kisha kwa msaada wa programu hutafuta kituo kinachofaa na gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, huitwa dereva wa jamii, mwenye gari wa eneo hilo aliyesajiliwa. Mgonjwa akishafikishwa salama, dereva hulipwa kwa simu. Familia haidaiwi nauli.

Ulianzia wapi?
Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua uenee nchini.

Mipaka yake ni ipi?
Simu hufupisha njia, lakini haileti damu salama, dawa wala mkunga. Mama akifika, lazima awepo wa kumpokea.