Mwulize na Asiyeugua

Katika mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa Marekani yaitwayo Science Olympiad, lipo shindano dogo la wapelelezi wa magonjwa, Disease Detectives. Wanafunzi wawili huketi na karatasi ya maswali kuhusu mlipuko wa ugonjwa, karatasi moja ya maelezo waliyojiandikia na kikokotoo cha kawaida. Muda wao hautimii saa nzima.

Mwalimu anayewaandaa hushawishika kuanza na vijidudu: majina, dalili, siku za atamizi, tiba. Hayo yana nafasi yake, lakini hayampi mwanafunzi njia ya kufikiri. Mimi huanza na swali moja: wale ambao hawakuugua walikula nini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1940, katika wilaya ya Oswego, jimbo la New York. Waumini walikula pamoja chakula cha jioni kanisani, na usiku uleule watu wakaanza kutapika na kuharisha. Wachunguzi waliwahoji watu 75, na 46 kati yao walikuwa wameugua. Mezani palikuwa na nyama ya nguruwe, viazi, mboga, keki, aiskrimu ya vanila na ya chokoleti.

Wape wanafunzi namba za nyama kwanza. Waliokula walikuwa 46, wakaugua 29, yaani asilimia 63. Darasa zima litanyoosha kidole: nyama! Hapo ndipo uwape nusu ya pili ya jedwali. Kati ya 29 ambao hawakuigusa, 17 waliugua, asilimia 59. Tofauti karibu haipo. Sasa leta vanila: waliokula 54, wakaugua 43, karibu asilimia 80, wasiokula 21, wakaugua 3 tu, asilimia 14. Gawanya asilimia ya kwanza kwa ya pili, utaona mla vanila alikuwa na hatari ya kuugua mara 5.6 ya asiyekula.

Usiishie hapo, maana chokoleti ina mtego mzuri. Waliokula chokoleti waliugua kwa asilimia 53, na wasiokula kwa asilimia 74. Mwanafunzi makini atauliza kama chokoleti ni kinga. Mwache ahangaike nalo kidogo. Anayechagua chokoleti mara nyingi huiacha vanila, na asiyechagua chokoleti huenda ndiye aliyejaza bakuli la vanila. Chokoleti haikumkinga mtu. Iliwaweka walaji wake mbali na chanzo. Mwanafunzi akilielewa hili kwa kalamu yake mwenyewe, hatadanganywa kirahisi na tangazo la dawa wala na takwimu za gazetini. Kisha waulize kuhusu wale 3 waliougua bila kula vanila. Je, walisahau walichokula? Waliambukizwa kwa kijiko? Au waliugua kitu kingine kabisa? Mchunguzi halazimiki kumfanya kila mtu aingie kwenye jedwali, ila analazimika kumuuliza kila mmoja.

Mchoro wa wagonjwa kwa saa nao ufanyiwe mazoezi kwa mkono. Kilele kimoja kinachopanda ghafla huashiria watu waliokula au kunywa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vilele vinavyofuatana huashiria maambukizi ya mtu kwa mtu.

Baada ya Oswego, ninawaletea Kenya ya 2004. Mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, watu waliugua manjano na ini likashindwa kufanya kazi. Waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Hapa swali la nani alikula halisaidii, kwa sababu katika vijiji vile mgonjwa na mzima wote wanakula mahindi. Wachunguzi walichagua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua wa kulinganisha nao. Kwa kuwa idadi hizo walizipanga wenyewe, hawawezi kusema ni asilimia ngapi ya walaji waliugua, na mwanafunzi anayepiga hesabu ya Oswego hapa atapoteza alama. Kinachofaa ni kuzidisha namba za jedwali kwa mkingamo na kugawanya: hao wanaougua wana nini zaidi ya hao wazima?

Jibu lilitoka kwenye namna ya kuhifadhi. Kaya zilizopatwa zilielekea zaidi kuweka mahindi yakiwa bado na unyevu, tena ndani ya nyumba ya kuishi. Karatasi ya mashindano ikifika kwenye swali la mwisho, lile la kuzuia ugonjwa usirudi, mwanafunzi asiandike tu kwamba jamii ielimishwe. Aandike kwamba mahindi yakaushwe barabara kabla ya kuhifadhiwa, yainuliwe juu ya sakafu, yasilale ndani na watu, na yale yaliyokwisha kuota ukungu yaondolewe huku familia ikipewa mengine ya kula.