Mashua chafu yaweza kuhamisha kichocho

UKIFIKA Dunga, Kisumu, wakati upepo unavuma kuelekea nchi kavu, huenda usiyaone maji. Utakachoona ni uwanja wa majani mabichi yenye maua ya zambarau, na mashua zimekwama katikati yake kama matatu kwenye matope. Hilo ndilo gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini ambao ulivamia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini.

Wengi hudhani ni adui wa wavuvi tu. La hasha. Katikati ya mizizi na majani yake hujificha konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Vimelea hivyo humtoka konokono, huogelea na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuteka maji. Wiki au miezi kadhaa baadaye mgonjwa huumwa na tumbo, huharisha na pengine huona damu chooni. Asipotibiwa kwa miaka mingi, ini na wengu huvimba. Dawa ipo, tembe za praziquantel, lakini hazimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yale yale.

Mashua zinahusikaje? Kipande kidogo cha gugumaji kilichonasa kwenye nanga, wavu au rafadha ya injini chatosha kuanzisha shamba jipya penginepo. Hali ikiwa nzuri, gugu hili huongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Konokono nao waweza kusafiri humo humo bila nauli. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambako zamani watu walishindana kwa mashua za tanga, nalo lilifunikwa na gugu hili. Huko, kwa maoni yangu, lawama kubwa ni ya maji taka yaliyolirutubisha.

Marekani walijifunza kwa njia ngumu. Januari 2007, kombe wadogo waitwao quagga, wenye asili ya Ulaya Mashariki, waligunduliwa katika Lake Mead, hifadhi ya maji inayotegemewa na jiji la Las Vegas. Inaaminika waliletwa na mashua iliyovutwa kwa trela kutoka maziwa yaliyo zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Kombe hao huziba mabomba ya maji, na makombe yao makali hukata nyayo za waogaji. Wachanga wao hawaonekani kwa macho, hivyo waweza kuwa ndani ya kikombe kimoja cha maji yaliyobaki kwenye ngama.

Tangu 2008, kila mashua ya injini inayotaka kuingia Lake Tahoe hukaguliwa kwanza. Mkaguzi hupapasa sehemu ya chini ya mashua, huchungulia kwenye injini na kuhakikisha kwamba hakuna maji yaliyotuama. Ikipatikana na uchafu au maji, huoshwa kwa maji ya moto sana, ya takriban nyuzi 60 za Selsiasi. Mashua ikitoka ziwani hufungwa kwa waya kwenye trela yake. Waya usipokatwa, mwenyewe akirudi hakaguliwi tena. Gharama hulipwa na mwenye mashua. Wapo wanaonung'unika.

Kwetu, itakuwa ndoto kumsimamisha kila mvuvi wa Ghuba ya Winam, kwa maana gugu limeshaenea humo. Wanaohitaji kuangaliwa ni wale wanaohamisha mashua, nyavu na injini kutoka ziwa moja hadi jingine au hadi bwawa, wakiwemo watu wa mjini wanaokwenda kuvua kwa kujifurahisha. Ng'oa kila jani kabla hujaondoka ufuoni, mwaga maji yote papo hapo, kisha anika vyombo juani hadi vikauke kabisa. Vaa glavu na viatu vya mpira unapofanya kazi hiyo. Na kama uliingia majini ukaanza kuharisha damu majuma machache baadaye, mwambie daktari ulikuwa wapi, maana daktari wa Nairobi huenda asikuulize.